Mizizi ya Mwaka Jana

Waliokwisha kurudi kutoka shambani, poleni na kazi. Walio bado njiani, jembe begani na redio ikiimba mfukoni, poleni pia, tembeeni taratibu, mvua ya jana imeacha utelezi.

Leo sina mgeni studioni. Nimekuja na donge la udongo. Liko hapa mezani juu ya gazeti la zamani, na fundi mitambo ananitazama kwa jicho kali kwa sababu linamwaga vumbi karibu na vifaa vyake. Nimelitoa ukingoni mwa barabara, pale walipokata kilima kupitisha hii barabara inayotoka Kabingo, ikaja Kibondo, ikapita Kasulu hadi Manyovu. Wengi wenu mmepita hapo mkiwa kwenye basi, macho kwenye simu. Siku nyingine basi likiharibika, shukeni mkatazame ule ukuta mwekundu ulioachwa na tingatinga. Utakuonyesha kitu ambacho jembe la mkono haliwezi kukuonyesha hata ulime miaka hamsini.

Juu kabisa kuna tabaka la kahawia, kiganja kimoja na kitu. Chini yake ni wekundu mtupu, mgumu, ukiupiga ngumi unaumia wewe. Lakini wekundu ule umetobolewa. Vitundu vinashuka wima, kimoja unene wa kalamu, kingine unene wa sindano ya kushonea, na kuta zake kwa ndani zina weusi kama masizi. Kila kitundu kilikuwa mzizi. Mzizi ulipita, ukafa, ukaoza, ukaliwa na wanaokula vitu vya namna hiyo, ukaacha bomba. Na katika donge hili, ndani ya bomba moja, kuna mzizi mwingine mbichi, mweupe, nadhani ni wa mhogo uliopandwa juu ya ukingo. Umeteremka humo humo bila kusukuma hata punje moja ya udongo. Umekuta njia imekwishachongwa, na kuta za njia zimepakwa chakula.

Nilipouona nikakumbuka ubishi wangu na mama mmoja wa Makere, mwisho wa msimu uliopita. Nilimkuta anang'oa maharage. Ninyi mnajua tunavyovuna huku Buha: mche umekauka, unainama, unashika shina, unavuta, unakung'uta kidogo kwenye goti, unarusha kwenye lundo. Lundo linabebwa nyumbani, linaanikwa uani, linapigwa fimbo. Punje zinaingia kwenye gunia. Majani, maganda na mizizi yote vinabaki uani, na jioni vinachomwa moto.

Nikamwambia, shikamoo mama, kwa nini usikate kwa mundu ukaiacha mizizi ardhini? Akaniitikia marahaba, akanyoosha mgongo, akanitazama viatu kwanza. Akasema: "Mwanangu, hiyo mizizi ina nini?"

Nikataka kumjibu haraka haraka, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha wengine miaka yote niliyofanya kazi ya ugani: mizizi ya maharage ina mbolea. Kisha nikasita. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki tumewauzia wakulima bila kupima.

Tuanze na nusu ya kweli. Mzizi wa maharage una vinundu, vidogo kama punje za ulezi au kubwa kidogo. Ndani ya kila kinundu wanaishi bakteria wanaokamata naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Unaweza kuwakagua mwenyewe bila maabara. Mche ukiwa kwenye maua, uchimbe kwa jembe, usiuvute. Chukua kinundu kimoja, kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa cha rangi ya nyama, wekundu wa waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, bakteria bado hajaanza au hana nguvu. Kikiwa cha kijani au kijivu, amekwisha.

Na hapo ndipo nusu ya pili inapoanza. Maharage yakianza kujaza punje, mmea unaacha kuwalisha wale bakteria, unapeleka nguvu yote juu. Mche unapokauka, tayari kwa kung'olewa, vinundu vingi vimekwisha siku nyingi, vimebaki maganda. Tena, katika ukoo mzima wa mikunde, maharage haya tunayoyapenda ni mvivu. Kunde, karanga na soya humshinda. Na kile kidogo alichokikamata, sehemu kubwa imeingia kwenye punje. Lori la maharage likiondoka Kasulu kwenda Mwanza, limebeba naitrojeni ya shamba lako. Ukitafuta iliyobaki, tafuta kwanza kwenye yale makapi ya uani unayoyachoma. Yarudishe shambani, utaona faida kubwa kuliko ya mizizi.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini nimesema mizizi ina faida, na sijabadilisha kauli. Faida yake iko kwingine.

Watafiti waliofuatilia kaboni ya mimea katika nchi mbalimbali walikuta kwamba ile inayotoka kwenye mizizi hukaa udongoni zaidi ya mara mbili ya ile inayotoka kwenye majani na mabua. Jani linaanguka juu, jua linalipiga, mchwa wanalibeba, moto unalipitia. Mzizi umeundwa mgumu zaidi, na tena unaoza ukiwa tayari umekumbatiwa na udongo. Kila anayeula, awe bakteria, kuvu au nyungunyungu, anaacha utelezi na kinyesi vinavyogandisha punje za udongo pamoja. Hiyo ndiyo mboji. Ule weusi kama masizi kwenye bomba la donge hili ndio huo.

Sasa sikieni habari ya mvua ya kwanza. Ninyi mnaijua ile harufu. Vumbi la Septemba limekaa miezi, kisha jioni moja matone mazito yanaanguka na ardhi inanukia, hata kina mama wajawazito wanatamani kuulamba udongo. Harufu ile wanaitoa bakteria wa udongoni. Na si harufu peke yake inayotoka. Mwaka 1958 mtafiti mmoja aitwaye H. F. Birch, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alichapisha matokeo ya kazi yake juu ya udongo unaokaushwa kisha kuloweshwa. Aliona kwamba udongo uliokauka sana ukipata maji, uhai uliomo unalipuka: unapumua kwa kasi, unaozesha kwa kasi, na unaachia naitrojeni nyingi katika siku chache. Baadaye kasi inatulia. Na udongo ukikaa mkavu muda mrefu zaidi, mlipuko unakuwa mkubwa zaidi. Wanasayansi wa dunia nzima leo hulitaja jambo hilo kwa jina la Birch, na lilionwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye udongo wa kiangazi kama chetu.

Maana yake kwetu ni nini? Kuanzia Juni hadi Septemba mizizi ya mwaka jana imelala chini, haijaoza vizuri kwa sababu hakuna maji. Mchwa peke yao ndio wanaoitafuna. Oktoba mvua ikigusa, karamu inaanza. Chakula kinatoka kwa wiki chache. Mche wako ukiwepo, unakula. Usipokuwepo, mvua kubwa za Novemba zinakishusha chini ambako hata mzizi wa mahindi hautakifikia. Wazee wetu waliokuwa wanakimbiza mbegu ardhini na mvua za mwanzo hawakuwa na pupa. Najua, kuna mwaka mvua inadanganya, inanyesha mara mbili na kukata, mbegu inaungua. Sina dawa ya hilo.

Lakini karamu ina kasoro yake, na hapa wengi wananipigia simu. "Nililima shamba lililokuwa na mahindi, nikafukia mabua na visiki vyote kama mlivyosema redioni, nikapanda mahindi tena, yamekuwa ya manjano." Ndugu yangu, hukukosea kufukia, ulikosea kuharakisha. Mzizi na bua la mahindi yaliyokomaa vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, naitrojeni moja kwa kaboni arobaini au hamsini. Bakteria anayevila anahitaji naitrojeni nyingi kuliko hiyo kujenga mwili wake. Ni kama msiba uliojaa wageni, ugali umepikwa sufuria tatu, kitoweo hakuna. Wageni hawatakaa wakiutazama ugali. Wataingia jikoni kwa jirani kuazima mboga. Jirani huyo ni mche wako mchanga. Mboga itarudi, wageni wakiondoka, maana bakteria wakifa wanaiachia; lakini mche wako utakuwa umekwisha dumaa wiki tatu, nne. Ndiyo maana baada ya mahindi ni afadhali upande mikunde, inayojitafutia kitoweo angalau kidogo, au uweke samadi pamoja na ule ugali, au ufukie mapema.

Sasa nije kwenye upande usiopendeza, kwa sababu nisipousema leo mtanilaumu mwezi wa tatu.

Mzizi unaooza hauliwi na watu wema peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kule Rwanda na magharibi mwa Kenya, pande za Vihiga na Kakamega, maharage yalianza kufa shambani kwa kuoza mizizi. Ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka imekuwa vipande, familia zinapanda maharage juu ya maharage, misimu miwili kila mwaka, miaka nenda rudi. Vimelea vya Pythium na Fusarium vilikuwa vimejaa udongoni, kila msimu vikikuta mizizi ya aina ile ile, mibichi ya kushambulia na iliyokufa ya kujihifadhi. Wapo waliokata tamaa wakaacha kabisa kupanda maharage, chakula cha kila siku. Nafuu ilikuja kwa mbegu zinazostahimili, nyingine zikiletwa kutoka Rwanda, na kwa kurudishia udongo mboji na samadi.

Sasa jiulizeni, tofauti ya Vihiga ya wakati ule na baadhi ya vijiji vya Heru Juu leo ni ipi? Nasi tunapanda misimu miwili. Mashamba nayo tunayagawa kwa watoto. Februari tunavuna msimu mmoja, tunapanda msimu wa pili. Na tuna tabia moja mbaya: tunalima magugu mabichi, tunayafukia, na jioni hiyo hiyo tunadondosha mbegu. Pythium anapenda majani na mizizi mibichi iliyofukiwa leo kuliko kitu chochote. Anaongezeka haraka sana siku za mwanzo, na mbegu yako inachipua katikati ya wingi huo. Ukisubiri wiki mbili au tatu, wadudu wengine wa udongoni watakuwa wamemkuta na kumpunguza. Mtasema mvua za msimu wa pili hazisubiri. Kweli. Basi yakate magugu yaache juu, usiyafukie, panda katikati yake. Yakiozea juu hayana ubaya huo.

Na kabla hujalaumu kuoza mizizi, ng'oa mche unaonyauka, utazame. Shina likiwa limevimba na kupasuka karibu na ardhi, na ndani ya pasuko kuna vipunje vya kahawia kama mbegu za mchicha, huyo ni inzi wa maharage, kesi nyingine. Mzizi ukiwa umekuwa wa kahawia au mwekundu mweusi, laini, ngozi inavuka ukiivuta kwa vidole, hiyo ndiyo kesi yetu. Mche wa namna hiyo usikate kwa mundu. Huo ung'oe na mizizi yake yote, uutoe shambani. Kwa hiyo yule mama wa Makere, kwa miche michache, alikuwa anafanya sawasawa bila kuambiwa na mtu.

Kuna wengine wanaochanganya vinundu na mafundo. Hasa mnaolima nyanya mabondeni. Mnaona mzizi umejaa uvimbe, mnafurahi, mnasema una mbolea. Nyanya haina vinundu vya mbolea, ndugu zangu. Huo ni uvimbe wa minyoo fundo. Kwenye maharage vinaweza kuwepo vyote viwili, na kuvitofautisha ni rahisi: kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halibanduki mpaka uukate mzizi. Shamba la namna hiyo lipumzishe nyanya na tumbaku, upande marejea. Marejea ni ule mmea wa maua ya njano ambao Padre Gerold Rupper wa Abasia ya Peramiho, kule Songea, aliwahamasisha watu kuupanda miaka ya 1980. Minyoo ikiingia kwenye mizizi yake inashindwa kuzaliana. Mzizi huo acha uozee shambani bila wasiwasi.

Ninyi wa Kibondo mtasema nimewasahau, nazungumza habari za Kasulu tu. Shida yenu ni tofauti kidogo, kwa sababu ninyi bado mnafungua mashamba mapya kwenye miyombo. Mnakata mti, mnachoma, mnapanda mihogo kati ya visiki. Mwaka wa kwanza mihogo inanenepa. Mwaka wa pili au wa tatu, hapa na pale, shina moja linanyauka, ukichimba mhogo umeoza, na ukibandua ganda kuna utando mweupe kama karatasi, unanukia uyoga. Jirani wa shina hilo naye anafuata. Ukifuatilia utakuta pale karibu palikuwa na kisiki.

Hiyo ni kuvu iitwayo Armillaria. Inaishi msituni kimya kimya. Mti ukiwa hai unaizuia. Ukiukata ghafla, mizizi inabaki chini imejaa wanga, haina mlinzi. Kuvu inaingia, inakula kisiki kwa miaka, na kutoka hapo inahamia kwenye mhogo, kwenye mkahawa, kwenye mchai, kwa kugusana mizizi. Wenye mashamba ya chai Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walipata hasara hiyo, na katika miaka ya 1930 mtafiti aitwaye Leach alionyesha njia isiyohitaji dawa. Kabla ya kuukata mti, uchune gome kuuzunguka shina pande zote, uuache umesimama. Majani yanaendelea kufanya kazi, lakini chakula hakishuki tena. Mizizi inatumia akiba yake mpaka inakwisha, inakufa kwa njaa. Ukija kuukata umekauka, mzizi hauna wanga wa kuinenepesha Armillaria, na kuvu nyingine zisizo na madhara zinauozesha. Inachukua mwaka, hata zaidi. Basi uchune leo ule ambao shamba lake utalihitaji mwakani, na kibali cha kukata mti uwe nacho mkononi, nisije nikaitwa ofisi ya kijiji kwa ushauri wangu.

Na ule uyoga mzuri wa porini tunaoununua barabarani mvua zikianza? Mwingi unaishi kwa ushirika na mizizi ya miyombo iliyo hai. Mti ukiondoka, nao unaondoka. Hilo nawaachia wenye vikapu.

Nina ujumbe mmoja wa simu, kutoka Heru Juu. Anauliza: nimeng'oa migomba yenye mnyauko, shimo nipande tena lini? Inategemea mnyauko gani, kaka. Ukikata shina likatoa uchafu wa njano kama usaha, na ndizi zikaiva kabla ya wakati wake huku ndani zina kahawia, huo ni mnyauko wa bakteria, ule ulioingia Kagera mwaka 2006. Bakteria huyo hadumu udongoni bila mgomba. Ng'oa shina na tunguu lote, usiache chipukizi hata moja, kaa miezi sita, ndipo upande mche safi. Lakini kama majani ya chini yaligeuka manjano yakaning'inia kama sketi, na tunguu ukilipasua lina mistari ya kahawia nyekundu, huo ni mnyauko wa Panama. Mizizi yake ikioza inaacha mbegu za kuvu zinazokaa udongoni miaka thelathini au zaidi. Hapo usipande tena aina hiyo ya mgomba. Panda mahindi, panda mihogo, au tafuta aina ya mgomba inayostahimili.

Turudi Makere tumalizie. Yule mama nilimweleza haya yote, bomba la mzizi, mboji, Muguga, akanisikiliza kwa adabu huku akiendelea kung'oa. Hakuna lililomwingia. Mwisho nikamuuliza, wanunuzi wanakukata kiasi gani kwa ajili ya udongo na mawe kwenye maharage? Akasimama. Mnunuzi akifika anazamisha mkono mpaka chini ya gunia, anatoa ngumi, anafungua kiganja, na vidonge vya udongo vikionekana bei inashuka palepale. Udongo ule unatoka kwenye mizizi. Mche uliokatwa hauna mizizi, unapurwa ukiwa safi. Amekubali kukata mistari minne msimu huu, kwa mundu uliotiwa makali, maana ukiwa butu unatikisa mche na punje zinamwagika. Asubuhi na mapema, umande haujakauka, ganda halipasuki ovyo. Hayo ya umande ni yake, si yangu.

Januari nitakwenda kuiona hiyo mistari minne.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Ananionyesha na kitu kingine. Kuna jongoo mdogo ametoka kwenye bomba mojawapo la hili donge, ameshuka kwenye gazeti, na sasa anaelekea kwenye mashine. Tusikilize wimbo mmoja, nimwondoe.